Amana Iliyomo Tumboni na Moshi wa Jikoni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mama na wa kiumbe kilichomo tumboni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Sharia yetu imemruhusu mja mzito kula mchana wa Ramadhani akichelea mtoto wake kudhurika, kisha ailipe saumu yake baadaye. Nguzo ya dini imeahirishwa kwa ajili ya kiumbe ambacho jicho halijakiona. Vipi basi sisi tushindwe kubadili desturi ya jikoni kwa ajili yake?

Hapa Usambara, tangu Soni hadi Mlalo na Mtae, baridi ya Juni na Julai hutufanya tufunge madirisha, huku kuni mbichi zikifuka juu ya mafiga ndani ya nyumba. Moshi ule hauishii machoni. Ndani yake mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mama akiivuta, huingia damuni mwake na kukalia mahali pa oksijeni, kisha hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Wataalamu wameuhusisha moshi huo na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na wengine kuzaliwa maiti. Utafiti juu ya waja wazito wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2017, uliona dalili za damu kuganda katika mishipa ya kondo kwa wale waliovuta zaidi hewa hiyo. Wala mkaa si salama: moshi wake ni haba, lakini sumu hiyo imo.

Tusiseme hili ni jambo la wanawake. Makazi ya mke ni wajibu wa mume, na makazi yenye kudhuru hayajatimiza wajibu huo. Mtume wetu (S.A.W.) aliwasaidia watu wa nyumbani kwake kazi zao, nasi tusione haya. Zikausheni kuni kabla ya kuziwasha. Toboeni dirisha, au jengeni jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Msiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala. Mwenye uwezo wa gesi asikawie, na asiye nao majirani wamsaidie. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini mimba ni miezi tisa, haingoji miaka kumi.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu na vizazi vyetu, na utujaalie kuitunza amana uliyotukabidhi. Amin.