Kipimo Kwanza, Spea Baadaye

Leo naomba tuzungumze juu ya magari yaliyokula chumvi nyingi, kwa sababu hayo ndiyo wengi wetu tunayoyamudu.

Bila shaka mmeyaona kwenye taa za barabarani. Taa nyekundu imewaka, gari limesimama, injini inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza. Dereva anakanyaga mafuta kidogo kidogo kulibembeleza lisizime. Taa ya kijani inawaka, na gari nalo linazima papo hapo. Honi zinaanza, matusi yanafuata, na vijana wauza maji wanaombwa wasukume.

Wengi wetu huliona jambo hili kuwa ni aibu tu. Kwa hakika ni hatari. Katika magari mengi ya petroli, breki husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizima, msaada uliobaki unatosha kukanyaga breki mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani unaosaidiwa na injini nao unakuwa mzito ghafla. Sasa fikirieni gari linazima hivyo kwenye mteremko wa Kitonga, au juu ya reli huku treni inapiga honi. Hapo hatuzungumzii aibu tena.

Nina jirani yangu mwenye pikapu ya kabureta, ya zamani. Ilianza kutetemeka na kuzima kila alipokaribia njia panda. Fundi wa kwanza alimwambia anunue plagi mpya, akanunua. Wa pili akasema pampu ya petroli imechoka, ikabadilishwa. Wa tatu akaishusha kabureta, akaisafisha, mwisho akashauri inunuliwe nyingine. Ikanunuliwa. Pikapu ikaendelea kuzima kwenye njia panda ile ile.

Fundi wa nne, mzee mmoja asiye na maneno mengi, hakushika spana. Aliuliza swali moja: "Inazima wakati gani hasa?" Jirani yangu akajibu kuwa inazima anapokanyaga breki ili asimame. Mzee akaiwasha injini, akaiacha inguruma, akakanyaga breki bila gari kusogea. Injini ikaanza kuyumba. Akaachia, ikatulia. Akakanyaga tena, ikayumba tena. Ugonjwa ulikuwa kwenye busta ya breki, kile kibuyu cha bati cha duara kilichokaa nyuma ya masta silinda. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Kila breki ilipokanyagwa, hewa ilipenya hapo na kuingia kwenye injini bila kibali.

Ndugu wasikilizaji, tazameni uzito wa jambo hilo. Plagi, pampu na kabureta vilibadilishwa, na muda wote huo kilichokuwa kinaharibika ni breki. Gari lilikuwa linasema, ila hakukuwa na mtu wa kulisikiliza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayamsaidii mtu asiyeinua macho.

Kwa nini gari lizime likiwa limesimama, ilhali barabarani linakwenda vizuri? Injini ya petroli inahitaji hewa, petroli, cheche inayokuja kwa wakati wake, na mgandamizo mzuri ndani ya silinda. Hewa na petroli vina kipimo chake, karibu kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Gari linapokimbia, injini inavuta hewa nyingi sana, na tundu dogo kwenye mpira halionekani kuwa kitu. Lakini kwenye kile ambacho mafundi wetu wanakiita sailensa, yaani mguu hauko kwenye mafuta na injini inazunguka kama mara 700 au 800 kwa dakika, hewa inayohitajika ni kidogo mno. Tundu lile lile sasa linavuruga kipimo chote. Ndiyo maana ugonjwa mdogo hujitokeza kwanza kwenye sailensa.

Kwa hiyo uchunguzi uanze kwa maswali. Je, gari linazima asubuhi likiwa la baridi, au likishapata moto? Linazima unapowasha kiyoyozi? Unapokanyaga breki? Unapoingiza gia kwenye gari la otomatiki? Lilianza siku gani, na siku hiyo ulifanya nini? Kama lilianza kusumbua mara tu baada ya kujaza mafuta kituo fulani, una haki ya kuyashuku mafuta. Tunakumbuka jinsi uchakachuaji ulivyotutesa, mpaka EWURA ikaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini kama gari linatetemeka mwezi wa tatu sasa, na umejaza vituo kumi tofauti, usisingizie mafuta.

Baada ya maswali, yafuate macho na masikio. Fungua boneti, injini ikiwa inanguruma, usikilize kama kuna mluzi wa hewa. Fuata mipira myembamba yote inayoingia kwenye manifoldi. Jua letu na joto la injini huikausha mipira hiyo mpaka ikapasuka kama kisigino kikavu. Fundi anaweza kupuliza maji kidogo ya sabuni mahali anapopashuku. Injini ikibadili sauti, mwizi amepatikana. Wako wanaopuliza petroli badala ya maji. Huo ni mchezo wa kuchoma gari pamoja na gereji.

Kisha plagi. Zitolewe zote na kupangwa kwa mpangilio wa silinda zake, kwa sababu plagi ni kama ulimi mbele ya daktari. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, silinda ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa imelowa oili, oili inapenya ndani ya silinda, na hapo plagi mpya ni kupaka rangi nyumba yenye ufa. Ikiwa nyeupe, inaungua kwa joto kubwa, na huenda hewa inazidi.

Kama injini inamisi, fundi mwenye koleo lenye mpini wa mpira anaweza kuchomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, kila mmoja kwa muda mfupi, huku anasikiliza. Akichomoa na injini ikazidi kulegea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akichomoa na injini isijali, huyo ndiye mvivu. Tusijaribu wenyewe kwa mikono mitupu, maana umeme wa plagi hauna urafiki.

Kwa magari yasiyo na kabureta, mara nyingi tatizo ni masizi yaliyojaa kwenye njia ndogo ya hewa ya sailensa na kwenye vali yake. Kusafisha kwa dawa yake kunatosha, bila kununua chochote. Na wenye Toyota za miaka ya 1990 wajue kuwa nyingi zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa "Diagnosis". Fundi akiunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haikukumbuka kosa lolote. Ikipepesa mara mbili, ikapumua, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni namba 22, na kinachoshukiwa ni kihisio cha joto la maji pamoja na nyaya zake. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Ni magari mangapi yaliyobadilishwa pampu bila taa hiyo kuulizwa hata mara moja?

Sasa tusiwatupie mafundi lawama zote. Sisi wenye magari tuna sehemu yetu. Fundi akikaa saa nzima anauliza, anasikiliza na kupima, mwisho akagundua mpira uliopasuka, tunampa hela ya soda. Tunasema hakufanya kitu. Lakini akishusha kabureta na kuchafuka oili mpaka viwiko, tunamlipa vizuri hata kama gari halikupona. Tunalipa jasho, hatulipi akili. Basi fundi naye amejifunza somo tulilomfundisha wenyewe: riziki yake iko kwenye spea, haiko kwenye kipimo. Amekwenda nasi dukani, na si ajabu duka likamkumbuka baadaye.

Ushauri wangu ni mfupi. Weka daftari dogo ndani ya gari. Andika siku lilipozima, lilikuwa na moto au baridi, na ulikuwa unafanya nini. Andika pia kila spea iliyobadilishwa. Ukifika gereji, patana kwanza malipo ya uchunguzi peke yake, na uyalipe kwa moyo mkunjufu. Kabla ya kutoa hela ya spea, mwambie fundi kwa heshima: "Fundi, nionyeshe kilichokufanya uamue hivyo." Fundi wa kweli atafurahi, kwa sababu hatimaye amepata mtu anayethamini elimu yake. Atakayekasirika amekwisha kujibu. Na spea ya zamani uidai, uiweke mkononi uione.

Tukifanya hivyo, vibubu vya nyumbani vitapumua, na breki zetu zitashika siku tutakapozihitaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza hapana budi uujue ufa uko wapi.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.