Kabla ya Kufungua Kozi: Maneno kwa Walimu

Ndugu walimu, kabla ya kuandika mada, andikeni lengo. "Mwanafunzi ataelewa hesabu" halipimiki. Afadhali: "Baada ya wiki 4 ataandika daftari la mapato na matumizi bila kusaidiwa." Benjamin Bloom na wenzake walipanga malengo ya namna hii mwaka 1956, kutoka kujua jambo hadi kulitathmini.

Tatizo kubwa liko kwenye kanuni. Ukiandika kwamba anayekosa vipindi 3 anafutwa, wa kwanza kufutwa atakuwa mama anayepanga foleni ya mgao wa chakula. Huyo si mvivu! Siku ya mgao msiweke kipindi, wala mtihani. Kanuni zisomwe kwa sauti siku ya kwanza, kisha zibandikwe mlangoni, maana karatasi hazitatosha wote.