Mgonjwa Ana Kwao: Huduma ya Jamii katika Masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita



Nitaanzia Kongwa, hapa mkoani Dodoma, kwa sababu hoja yangu ilithibitishwa huko kabla wengi wenu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita mliojaza viti vya nyuma vya ukumbi huu wa chuo kikuu, hamjazaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, Sheila West akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikuwa wakifuatilia trakoma katika vijiji vya Kongwa pamoja na wenzao wa Tanzania. Ugonjwa huo nyumbani tunauita vikope. Kimelea chake huhama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia na kwa nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu upande wa ndani. Miaka inapita, kope linajikunja, na nywele zake zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wapo akina mama ambao hawakai mbali na kibano kidogo cha chuma: wanaketi kivulini, mwenzao anawashika kichwa, nywele zinang'olewa moja moja, na baada ya majuma machache zimeota tena. Wanawake hupofuka zaidi kwa ugonjwa huu kuliko wanaume, maana wao ndio wanaobeba watoto, wanaolala nao na kuwafuta nyuso.

Mwanafunzi wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, anaweza kunielezea kimelea hicho vizuri sana. Lakini swali gumu la Kongwa lilikuwa jingine: kama kuosha uso kunazuia ugonjwa, mbona nyuso za watoto haziosheki?

Mtu wa mjini atajibu upesi kwamba maji hakuna. Ni kweli uwanda wetu ni mkavu, mvua ni ya msimu mmoja, na ndoo hufuatwa mbali. Ila waliokaa na familia za Kigogo na kusikiliza walikuta jambo la ndani zaidi. Maji yaliyokwisha kufika nyumbani yana mgawo wake, na katika mgawo huo uso wa mtoto ulikuwa nyuma kabisa. Watu waliamini pia kwamba kuosha uso kunataka maji mengi kuliko inavyohitajika kweli. Tena mama hakuwa mwamuzi peke yake. Wanaume nao, na kijiji kwa ujumla, walikuwa na kauli. Kumhubiria mama usafi, basi, kulikuwa kupoteza muda na kumwonea. Ilibidi kijiji kizima kikae, wanaume wakiwemo, watu waone kwa macho yao jinsi maji kidogo yanavyotosha, wakubaliane. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet: vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na kampeni hiyo vilikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyuso safi, na trakoma kali ilipungua zaidi kuliko katika vijiji vilivyopewa dawa peke yake.

Yaliyoonekana Kongwa yaliupa nguvu mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, ambao unaweka usafi wa uso na mazingira sambamba na upasuaji na dawa.

Sasa tazameni mitaala yetu. Kijana anayetaka kuhudumia wagonjwa anaingia PCB au CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia. Miaka miwili anapima asidi na besi, anapasua chura, anakariri mzunguko wa damu. Sina ugomvi na chura; bila sayansi hiyo tungekuwa bado tunadhania tu. Ninachodai ni kwamba katika miaka hiyo miwili hakuna siku anayopaswa kuingia katika nyumba yenye mgonjwa, akauliza nani anapika, nani anashika fedha, nani atamkumbusha bibi dawa yake ya presha. Anayefanya kazi ya kuuliza hayo, afisa ustawi wa jamii, mwanafunzi hajawahi kukutana naye. Wazazi, niwieni radhi: tumewafundisha watoto wetu kwamba anayekosa udaktari akaenda uuguzi au ustawi wa jamii ameanguka. Si kweli, na imetugharimu.

Imetugharimu hapa hapa Dodoma mjini. Hospitali ya Mirembe imetibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, na nchi nzima imegeuza jina lake kuwa tusi la shuleni. Mgonjwa anatulia wodini, anaruhusiwa, anarudi kijijini. Huko dawa inamlegeza na inamtia njaa, chakula ni cha kubahatisha, ndugu wamechoka, watoto wanamzomea. Akiacha dawa, tunasema ugonjwa umerudi. Nani alikwenda kuzungumza na hao ndugu?

Uingereza, kijana wa miaka 16 anaweza kuchagua afya na huduma za jamii kuwa masomo yake. Katika mkondo wa ufundi uitwao T Level, upande wa afya, ulioanza mwaka 2021, lazima akae kazini saa zisizopungua 315. Tusiuchukue mtaala wao mzima mzima. Baadhi ya wazee wao hulelewa katika makao maalumu. Wetu wanalelewa na binti au mkaza mwana, na huyo ndiye mhudumu tunayepaswa kumsoma na kumsaidia. Cha kuiga ni zile saa.

Haja yenyewe imeshafika mlangoni. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Wanafundishwa kwa miezi sita. Watakaowasimamia baadaye ni hawa vijana wa viti vya nyuma, na si haki msimamizi awe anaijua nyumba ya mgonjwa kidogo kuliko anayemsimamia.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Mitihani wafikirie pendekezo hili. Mwanafunzi wa PCB na CBG apewe familia moja iliyokubali, yenye mzee, mlemavu au mgonjwa wa muda mrefu. Aitembelee kwa miaka yote miwili, akiongozwa na muuguzi wa zahanati na afisa ustawi wa jamii wa kata, akitunza siri za wenye nyumba. Aandike alichojifunza, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake za mwisho kama mtihani wa vitendo unavyohesabiwa. Walimu watasema mzigo umezidi, na wana haki ya kusema hivyo. Basi tupunguze mada za kukariri. Dodoma ina zahanati, ina Mirembe, ina vyuo vya afya, ina chuo kikuu hiki. Shule chache za hapa zinaweza kuanza na kidato cha tano kitakachoingia Julai ijayo.