Kamera katika Ghala la Chama: Hotuba kwa Wajumbe wa Vyama vya Msingi



Kamera hailindi ghala, hushuhudia tu. Basi kabla ya kununua, kamati na iamue kipi kishuhudiwe: mlango, mizani, dirisha la mtunza fedha.

Kamera 4, kila moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde, hujaza takriban terabaiti 2.6 kwa siku 30. Diski ikiwa ndogo, picha za zamani hufutika kabla upungufu haujagunduliwa. Mtambo wa kurekodi ufungiwe chumba kingine, pamoja na betri ya akiba. Mwizi akiuchukua, ushahidi umekwenda naye.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahusu picha hizo pia. Tangazo libandikwe mlangoni.

Mkulima na karani wakigombania uzito, picha ndiyo shahidi. Kwa hiyo ufunguo wake usikae kwa karani peke yake. Mali ni ya wanachama. Ushahidi nao ni wao.