Watoto Wetu na Marafiki wa Simuni

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu na wanangu mliofika Durban kutoka Mombasa, Maskati, London na kwingineko: Kamati imenitaka niseme juu ya jambo tulilozoea kulinong'ona, nalo ni watu wazima wanaowarubuni watoto kwa njia ya intaneti.

Mtu huyo haanzi kwa uovu ulio wazi. Huanza kwa sifa, kwa vocha ya simu, kwa kumsikiliza mtoto ambaye nyumbani hana wa kumsikiliza. Siri huja baadaye, kisha picha, kisha vitisho. Wala si daima mgeni wa mbali. Utafiti wa UNICEF, INTERPOL na ECPAT, uliotolewa kati ya 2021 na 2022, ulionyesha kwamba katika Kenya na Tanzania mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari.

Hapo ndipo desturi yetu inaponitia wasiwasi. Likitokea la aibu, hukutana wazee wawili watatu, mkosaji akaomba radhi, mtoto akaambiwa anyamaze, na mkeka ukakunjwa. Katika nchi hii, kumaliza mambo namna hiyo ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, namba 32 ya mwaka 2007, inamwadhibu anayemrubuni mtoto, na kifungu cha 54 kinamlazimu kila ajuaye kwamba mtoto ametendewa kosa la aina hiyo atoe taarifa polisi mara moja. Akinyamaza, aweza kufungwa hadi miaka 5. Sheria haikusema "isipokuwa akiwa ami yake."

Mtoto akija kusema, msikimbilie kumnyang'anya simu. Akiona hayo ndiyo malipo ya kusema kweli, hatarudi tena. Ujumbe usifutwe, kwani ndio ushahidi. Picha isipelekwe kwa jamaa "wajionee", maana kuisambaza ni kosa jingine. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, hapa na hata Kenya na Tanzania. (Childline ya Afrika Kusini, nasema kwa fahari kidogo, ilianzia mji huu huu mwaka 1986.)

Nina ombi moja. Ukurasa wetu wa Facebook umejaa picha za watoto, nyingine zina jina na shule. Wanaoutazama ni wengi, nami siwajui wote. Katibu ataziondoa kabla ya chakula cha Jumamosi. Mwenye kuzitaka amwone yeye.