Rafiki wa Usiku wa Manane

Katika Injili ya Luka, mlango wa 11, Bwana wetu asimulia habari za mtu aliyebisha kwa rafikiye usiku wa manane akiomba mikate mitatu. Mwenye nyumba alikuwa amelala na watoto wake, naye hakutaka kusumbuliwa.

Tuliisoma habari hii miaka mingi, mpaka usiku mmoja tukawa sisi wenyewe ndio wabishaji. Mtoto wetu alishikwa na pumu saa saba usiku, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Twakaa Nairobi, upande wa Eastlands. Maduka ya dawa mtaani kwetu ni mengi kuliko makanisa, lakini yote yalikuwa na makufuli. Lililo wazi usiku kucha liko mjini. Tangu Mzee Kenyatta aziruhusu matatu mwaka 1973, hizo ndizo miguu yetu. Nayo miguu hiyo hulala. Mvua ilikuwa imewafukuza hata watu wa bodaboda. Mchana hatuhisi kwamba mji huu wamtaka mtu awe na gari. Usiku twajua.

Jirani mmoja alikuwa na gari. Lakini tulikuwa hatujasalimiana naye tangu tugombane kwa ajili ya takataka! Tulisimama langoni kwake tukiona haya, huku mtoto akivuta pumzi kwa filimbi. Twakiri mbele yenu: tulikaribia kurudi nyumbani. Askari akasema mzee amelala. Tukabisha tena.

Akatoka amejifunga kikoi. Alimtazama mtoto, akasema, "Huyu si wa duka la dawa. Huyu ni wa hospitali. Ingieni." Njiani hakuna aliyenena neno. Tulipofika wakamtia kifuniko cha mvuke wa dawa usoni, na kulipopambazuka alikuwa anaomba chai.

Wahubiri hutufundisha kwamba mfano ule wahusu maombi, na ni kweli. Ila sisi sasa twamfikiri pia yule aliyeondoka kitandani.

Siku hizi twaweka dawa ya pili kabatini. Na kanisani kwetu wazee wamebandika mlangoni majina ya wenye magari walio tayari kuamshwa, mtaa kwa mtaa. Mpaka sasa ni saba. Jirani yetu si mshirika wa kanisa letu, lakini alikuja akaandika jina lake mwenyewe.