Injini ya Mashine ya Kukata Nyasi Inapomisi Ikipata Moto

Injini ya mashine ya kukata nyasi inayoendeshwa dereva akiwa ameketi, ikiwaka vizuri kisha ikaanza kumisi, yaani kuruka baadhi ya milipuko ndani ya silinda, baada ya kupata moto, huwa na hitilafu inayochochewa na joto lenyewe au na muda wa kufanya kazi, na ndiyo maana kuipima ikiwa baridi mara nyingi hakufichui chochote. Chanzo chepesi kuliko vyote, ambacho kwa bahati mbaya hurukwa, ni mfuniko wa tangi la petroli: kitundu chake cha hewa kikiziba, petroli hushindwa kufika kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa, hivyo mtumiaji azime injini, alegeze mfuniko mbali na moto wowote, na injini ikiwashwa tena ikatulia, kosa limepatikana. Isipotulia, hushukiwa koili, inayozalisha umeme mkali wa plagi, kwa kuwa waya wake mwembamba wa ndani wenye ufa huweza kuachana unapotanuka kwa joto, cheche ikadhoofika au ikapotea. Cheche hiyo ipimwe injini ingali inamisi, si baada ya kupoa. Mabaki ya nyasi yaliyoziba mapezi ya kupoza silinda yaondolewe pia, na nafasi za valvu, ambazo nazo hushukiwa, tofauti na koili hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa.